Mayo Isiyopimwa

Kuna watu wakisikia harufu ya mafuta ya mashini ya kushona wanakumbuka fundi wa mtaani kwao. Mimi naona wivu. Ndiyo, wivu, na kwa umri huu, mwanamke mwenye wajukuu na mvi anazozificha chini ya kitambaa. Juzi tu nilipita mahali fundi mmoja alipokuwa anatia mafuta mashini yake barazani, harufu ikanifikia, na kabla sijajua kinachonipata nilikuwa nimekunja uso kama yule mtoto niliyekuwa, wa Bagira, mtaa wetu kule Bukavu, aliyesimama mlangoni mwa chumba cha mbele, akimwangalia mama yake anavyompima msichana mwingine.

Msichana huyo alikuwa Furaha. Namwita dada, kwa sababu ndivyo alivyo, ingawa wakati ule neno lenyewe lilinikwama kooni. Alikuwa binti wa kaka yake Maman, mama yangu, yule kaka aliyekwenda Shabunda kutafuta dhahabu na kubaki hukohuko. Mama yake Furaha alipofariki, mtoto aliletwa Bukavu akiwa bado anajifunza kutembea. Maman alikuwa ameolewa muda mrefu bila kupata mtoto, na shangazi zake Papa, baba yangu, walikuwa wameanza kuja kuwatembelea na nyuso za kilio. Basi siku Maman alipotokea barabarani na mtoto mgongoni, Bagira ilishangilia ikampa jina palepale: Mama Furaha.

Kisha nikazaliwa mimi, Sifa, mtoto wa tumbo lake. Unafikiri kuna aliyebadilisha jina? Nani! Muuza makaa, padri wa parokia, wanawake wa korasi, wote Mama Furaha, Mama Furaha. Hata Papa, karani wa posta, mtu aliyependa kila kitu kiwe na anwani yake sahihi, alirudi jioni akiita kutoka njiani: "Mama Furaha, miye huyu!" Na Maman akaitika, "Karibu!" kwa sauti tamu kabisa, kama jina hilo alizaliwa nalo. Kila alipoitika, kitu kilinichoma hapa chini ya mbavu. Usiku kitandani nilikuwa najaribu jina lingine kwa kunong'ona, Mama Sifa, Mama Sifa, na niliona linatamkika vizuri tu. Nilitaka siku moja, mbele ya watu, mtu mmoja amwite hivyo, na Maman aitike.

Maman alikuwa mshonaji. Metre yake ya njano, utepe wa kupimia wa kitambaa kilichopakwa nta, ilining'inia shingoni mwake tangu asubuhi, na jioni ilipumzika kwenye msumari juu ya mashini. Ilinuka mafuta, jasho lake na pasi ya makaa. Alikuwa na jicho la ajabu kwa miili ya watu. Tukienda soko la Kadutu alikuwa ananinong'oneza njia nzima: "Unaona ule maman? Mabega mapana vile, halafu banamushonea mikono ya kuvimba. Banamuonea tu." Au: "Ule iko mufupi, mistari ya kulala haimufae, bamupe ya kusimama." Wanawake walitoka hadi Nguba na Muhumba, wake za watu wa ofisi na wa chuo kikuu, wakateremka kwenye vumbi letu kwa sababu nguo ya Mama Furaha ilikuwa inakupunguza mahali pa kupunguza na kukuongeza mahali pa kuongeza. Kila kiliya, ndivyo alivyowaita wateja wake, alisimama katikati ya chumba, akainua mikono, na Maman akamzunguka na metre polepole.

Mwaka ule masere, yaani watawa wa shule yetu, waliamua kwamba wasichana lazima tujifunze kuogelea. Shule ilikuwa juu ya ziwa, maji tunayaona dirishani kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kufanya chochote ndani yake isipokuwa kufua. Walisema ni aibu. Mwisho wa muhula wazazi wangekuja ufukweni kutuangalia, na kila mmoja alitakiwa kuwa na mayo, ile nguo ya kuogelea. Wakati ule wanawake wa Zaïre walikuwa wamekatazwa suruali, wamekatazwa sketi fupi, wamekatazwa hata nywele za bandia. Mayo hakuna aliyeikataza, nadhani kwa sababu hakuna aliyeifikiria. Papa aliposikia alishusha miwani, akauliza kama masere wamepata ruhusa ya askofu.

Basi chumba cha mbele kilijaa wasichana wa kupimwa na mama zao. Maman hakuwahi kushona mayo maishani mwake. Mke wa profesa mmoja wa Muhumba, aliyekuwa na mabinti shuleni kwetu, alikuja na gazeti la wanawake la Ulaya, akalifungua juu ya meza ya kukatia.

"Hapa banasema kila mwanamuke iko na umbo ya tunda," akasema. "Kuko wa pomme, tofaa ile, kuko wa poire. Na kila tunda iko na mayo yake."

"Poire njo nini?" Maman akauliza, pini mdomoni.

"Tunda ya kwabo. Huku juu nyembamba, huku chini nene."

"Ah! Avoka!"

Parachichi letu, basi. Walicheka mpaka Maman akatoa pini mdomoni asije akazimeza. "Basi miye iko avoka tangu ninazaliwa," akasema, akijipiga nyonga. "Na avoka, maman, unamupa rangi ya giza huku chini, na kapambo hapa kwenye kifua, macho ya batu ibakie huku juu. Hiyo haiombe gazeti."

Kuanzia siku hiyo Bagira ikawa bustani. Binti mkubwa wa profesa, avoka. Mdogo wake, chungwa. Jirani yetu mmoja aliyekuja kuchungulia tu akaambiwa yeye ni nanasi, akaenda zake amenuna. Furaha, aliyekuwa amerefuka mwaka huo mpaka sketi zake zote zimekuwa kama za mtoto mdogo, Maman alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni akasema, "Weye haiko hata tunda. Weye iko muwa." Wote wakapiga makofi, kwa sababu ni kweli, alikuwa muwa, tena ule wenye maji.

"Na miye?" nikauliza.

Maman alikuwa ameinamia kitambaa, anakata. "Weye?" Hakuinua hata kichwa. "Weye iko Sifa."

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya jikoni. Mji mzima una tunda lake, hata jirani mwenye kiburi ana nanasi lake, na mimi sina. Nilijiangalia: mfupi, tumbo mbele, miguu miwili kama mchi uliopasuliwa. Nikaelewa, kwa akili yangu ile, kwamba mama yangu ameshindwa kupata kitu cha kunifananisha nacho ambacho kisingenitia aibu.

Kitambaa cha mayo hakikuwepo madukani. Maman alikwenda Kadutu siku balo zinafunguliwa, yale marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, akachimba tangu asubuhi, akarudi na mayo kuukuu za wanawake wakubwa na vipande vya nailoni. Ile nzuri kuliko zote, ya buluu ya giza, aliitandaza mapajani akaipapasa. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani.

Hapo ndipo yalipoanza mateso yangu. Furaha alipimwa kiunoni, akapimwa kwapani, akapimwa kutoka begani kupitia kati ya miguu hadi begani tena, kwa maana mayo haishonwi kama gauni. Maman alikata, akaunga, akamvalisha, akakunja uso, akafumua. Kesho yake tena. "Simama vizuri, maman wangu. Usivute pumzi. Pumua kama mutu." Maman wangu! Aliweka mistari myeupe ubavuni, akaiondoa, akasema inamfanya aonekane kama mlingoti. Akaweka mkanda kiunoni ili muwa upate fundo katikati. Kila mara metre ile ya njano ilimkumbatia Furaha, na vidole vya Maman vilipita juu yake, na mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyeniomba.

"Maman, miye utanipima lini?"

"Yako itatoka."

"Lakini utanipima lini?"

"Sifa, acha kelele. Nimesema itatoka."

Nilingoja. Wakaja makiliya wengine wakapimwa. Alipimwa mpaka mtoto wa yule nanasi. Siku moja Maman alipokwenda misa ya jioni nilichukua metre msumarini, nikajizungusha mwenyewe kiunoni, nikavuta tumbo ndani, nikaangalia tarakimu, na sikujua zinasema nini. Nikaamua kwamba hanipimi kwa sababu ya tumbo. Basi nikaacha kula bugali usiku. Nilimega, nikazungusha kwenye mchuzi wa sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, nikarudisha sahani. Kwa siku chache nilijisikia mtakatifu. Kisha Maman akanishika kidevu, akanivuta ukope wa chini, akasema, "Huyu mutoto iko na minyoo," na asubuhi nikanyweshwa mubirizi, yale majani machungu kuliko chuki, kikombe kizima, huku Furaha amenishika mikono nisikimwage. Alikuwa ananihurumia kweli. Hilo nalo sikumsamehe.

Mayo yangu ilitoka siku ya kawaida kabisa, mchana, katikati ya nguo za watu. Niliporudi shuleni niliikuta juu ya kiti. Nyekundu ya kuiva, na kisketi kidogo cha marinda kilichoanzia juu kidogo ya kitovu. Hakuna kuvaa na kufumua, hakuna maman wangu. Nikaivaa huku natafuta kasoro, na kasoro ikapatikana mara moja: kamba ya bega la kushoto ilikuwa fupi kuliko ya kulia. Niliishika nikaenda nayo mbele kama mtu aliyekamata mwizi.

"Ona! Kamba moja iko fupi! Umekosea, juu ya vile hukunipima!"

Maman aligeuka kwenye mashini, akaniangalia, akacheka kidogo. "Vaa tu," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Vaa tu! Furaha alifumuliwa mara ngapi? Mimi, vaa tu. Usiku ule nililia ndani ya shuka, na nilimchukia Furaha kwa moyo wangu wote, kuanzia miguu yake mirefu hadi jina lake.

Siku ya ziwa kulikuwa na jua jembamba baada ya mvua. Mama zetu walikaa kwenye majani juu ya ufukwe, wamevaa vikwembe, vile vitenge vyao vizuri, wameshika mikoba yao kama wapo harusini. Sisi tulitoka kwenye kibanda tukijikumbatia, matumbo nje na magoti nje. Mke wa profesa aliita kwa sauti, "Oh, ba-avoka bangu!" Na alipotokea Furaha, wakageuka wote. Sitadanganya. Buluu ile juu ya ngozi yake, mkanda ule kiunoni, alikuwa mzuri mpaka ilikuwa inauma kumtazama. Nikasikia mwanamke mmoja anauliza, "Ule wa nani ule?" na mwingine akajibu, "Si wa Mama Furaha, ule munyere, binti yake." Nikamwangalia Maman. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, macho yanang'aa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwa Furaha. Hakuna aliyeuliza mimi ni wa nani.

Tukaingia majini. Baridi ile, mama we! Masere walipiga filimbi, nasi tukapiga miguu tukiwa tumeshika mbao, maji yanaruka kila mahali. Ndipo ikatokea jambo ambalo Maman na jicho lake lote hakulijua, kwa sababu alizishona mayo zile kavu, juu ya watu wakavu. Ile nailoni kuukuu ikishaloa inavutika. Avoka wote wakaanza kushika vifua. Marinda yakashuka, mikanda ikateremka, wasichana wanapiga makelele, mama zao huko juu wanafunika nyuso kwa vitambaa na kucheka kwa aibu. Furaha, aliyepimwa kuliko wote, ndiye aliyepatikana vibaya kuliko wote. Kamba zote mbili zilimteleza, mkanda ukafika mapajani. Alitoka majini amejikunja, akakimbilia nyuma ya miamba.

Mimi nilimfuata. Si kwa wema, nilitaka kuona. Nilimkuta amechuchumaa, ameshika kitambaa kifuani kwa mikono miwili, analia kwa sauti ya chini.

"Usilie," nikasema. "Maman atairekebisha. Atakupima tena."

Akainua kichwa. Sijawahi kumwona na uso ule. "Anipime tena! Kila siku ananipima! Weye ulishaona Maman anakupima weye? Hata siku moja?"

"Hanipime juu hanipende," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. "Anakupima weye juu anakupenda weye."

"Sifa, weye njo mujinga!" Alisema hivyohivyo. "Anapima makiliya! Anapima bageni! Weye anakujua. Yako aliikata bila kitu, mikono tu, nilimuona na macho yangu. Na ona!" Akaninyooshea kidole. "Ona vile imekaa!"

Nikajiangalia. Nilikuwa nimelowa kama wengine, na mayo yangu ilikuwa mahali pake. Kisketi kimefunika tumbo, kamba zimetulia mabegani, zote mbili.

"Kamba moja iko fupi," nikasema.

"Bega yako ya kushoto iko chini. Hujue? Unatembeaka hivi." Akasimama, bado ameshika kifua, akashusha bega la kushoto akatembea hatua mbili, na niliona ni mimi kabisa. Nikaona pia ni mtu mwingine. "Maman naye iko nayo vilevile," akasema. "Miye sina."

Mabega yake yalikuwa sawasawa. Aliyaangalia kama mtu anayeangalia mfuko mtupu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Nilifurahi! Nilifurahi mpaka miguu ikawa myepesi. Weye iko Sifa: sasa nilielewa kwa nini sikupewa tunda. Wakati huo Maman alikuwa ameshuka mwenyewe kwenye miamba, viatu mkononi, kikwembe cha pili amekikunjua, na alimfunika Furaha akamkaza kifuani kwake. "Nisamehe, maman wangu. Sikujua maji inavuta. Nisamehe." Na mara hii niliwaangalia bila kuchomwa. Tulipopanda kwenda kwa wengine mtu akaita, "Mama Furaha, kuja tuchekane!" na Maman akaitika, nami nikashusha bega langu la kushoto makusudi, nikatembea nyuma yake.

Wivu ule haukuisha, ulibadilika sura tu. Yeye alikuwa na jina, mimi nilikuwa na bega, na kila mmoja alikuwa anakihesabu cha mwenzake. Nilikwenda Kinshasa kusoma, nikaolewa kulekule. Zaïre yenyewe ikapita, yakaja yaliyokuja. Furaha alibaki Bagira. Macho ya Maman yalipopungua, Furaha akakaa kwenye mashini. Miguu ya Maman ilipokataa, Furaha akawa anamwogesha, anamgeuza kitandani, anamlisha uji. Mimi nilituma vikwembe. Nilipiga simu, nikaambiwa Mama Furaha anaendelea vizuri.

Habari ilipokuja nilipanda ndege na kitambaa cheupe ndani ya mfuko, dantela, ile lesi, nzuri kuliko zote nilizopata. Njia nzima nilikuwa na wazo moja: nguo yake ya mwisho nitaishona mimi, mtoto wa tumbo lake. Nilifika, wanawake wa parokia wamejaa uani wanaimba. Niliingia chumba cha mbele, nikachukua ile metre msumarini, bado inanuka vilevile, nikasukuma mlango wa chumba alikolazwa.

Nilisimama. Yule niliyekuja kumshonea, mnene, wa avoka, mwenye nyonga za kujipiga akicheka, hakuwepo. Kitandani palikuwa na mwanamke mdogo, mwembamba, ambaye sikuwahi kumwona. Furaha alikuwa amekaa pembeni yake, anamalizia pindo kwa sindano ya mkono. Gauni jeupe, la kitambaa cha kawaida.

"Ulimupima saa ngapi?" nikauliza.

Alikata uzi kwa meno. "Sikumupima."

Tulimvalisha pamoja, yeye upande ule, mimi upande huu. Gauni lilimkaa, shingoni, kiunoni, mikononi mwake mlimobaki mifupa. Begani kushoto mshono ulikuwa umepandishwa kidogo, ili usiteleze. Nilipoona hilo wivu ukanijaa tena wote, ule ule wa mlangoni, na sikuwa na mahali pa kuupeleka. Furaha aliniangalia, akaiangalia metre mkononi mwangu. Akasogea, akanipa nafasi karibu na kichwa.

Nje wanawake wakaacha kuimba, wakaanza kumlilia kwa jina. "Mama Furaha! Yooo, Mama Furaha!" Na mimi niliyechukia kuitika kule tangu utoto wangu, nilisimama pale, metre mkononi, nikingoja Maman aitike.